Insulini Iliposafishwa: Kazi ya Mwanabiokemia James Collip

Insulini ya kawaida iliyomo kwenye kichupa ni maji maangavu, wala hakuna kinachomwonyesha mgonjwa kwamba mwanzoni dawa hii ilikuwa rojo la kahawia lililotolewa kwenye kongosho la ng'ombe.

Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto nchini Kanada, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 ambaye kisukari kilikuwa kimemkondesha hadi akabaki na kilo 29 hivi, alidungwa rojo hilo, lililotengenezwa na watafiti Frederick Banting na Charles Best. Sukari ilishuka kidogo tu, ketoni (kemikali zinazojengeka mwili unapochoma mafuta badala ya sukari) zikabaki kwenye mkojo, na palipopita sindano pakatunga jipu. Sindano zikasitishwa.

Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ilikuwemo, tatizo ni kwamba iliandamana na protini nyingine na uchafu usiovumiliwa na mwili. Kazi ya kuitenga ilimwangukia James Collip, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Alberta, aliyejiunga nao Desemba 1921 katika idara ya Profesa John Macleod.

Collip alitumia alkoholi, akiiongeza hatua kwa hatua. Ilipofikia takriban asilimia 80, protini nyingi zilijitenga na kutuama kama mashapo, ilhali insulini ilibaki imeyeyuka. Akachuja, akaongeza alkoholi hadi ikapita asilimia 90, na safari hii insulini yenyewe ikatuama kama unga. Nguvu yake aliipima kwa sungura. Aliyezidishiwa dozi alishikwa na degedege kwa kupungukiwa sukari, na alipopewa glukosi akainuka. Kwa maoni yangu, funzo hilo la sungura halipungui thamani mbele ya dawa yenyewe, maana hadi leo mgonjwa anayejidunga huambiwa asikae mbali na kitu chenye sukari.

Leonard alidungwa tena tarehe 23 Januari. Katika saa 24 sukari yake ilishuka kutoka miligramu 520 kwa desilita hadi 120, na ketoni zikatoweka. Aliishi hadi 1935.

Tuzo ya Nobel ya 1923 walipewa Banting na Macleod, naye Macleod akamgawia Collip nusu ya fedha zake. Lisilosimuliwa sana ni kwamba, mwaka 1922, miezi michache baada ya Leonard kupata nafuu, Collip alipojaribu kutengeneza insulini kwa wingi, njia yake mwenyewe ilimgomea, na kwa wiki kadhaa Toronto ikapungukiwa na dawa.