Kuongeza masaa hakuongezi pesa: kwa wanaocheza poka baada ya kazi

Wiki hii nimeulizwa tena. Kijana anayecheza poka ya mtandaoni kwa madau ninayocheza mimi ameniandikia: “Kaka, nimeongeza masaa. Siku hizi nakaa mezani mpaka saa nane usiku, lakini mwezi umeisha niko chini. Niongeze mengine?”

Usiongeze. Punguza. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa, na atakayeuliza tena nitamtuma asome.

Imani yenyewe najua inakotoka. Ofisini ukifanya ovataimu unalipwa ovataimu. Mama anayeuza mitumba Gikomba akifungua mapema na kufunga akiwa wa mwisho, atauza zaidi. Basi mtu akisikia kwamba poka si Aviator, ule mchezo wa kamari wa kindege, kwamba hapa unacheza na watu wenzako na kampuni inachukua reki tu, yaani makato yake kwenye poti (pesa zilizowekwa katikati ya meza), anaamua hii ni kazi kama kazi nyingine, na kazi huzaa kwa jasho. Kweli poka ina ujuzi. Ila saa moja ya poka haina bei yake. Thamani yake ni tofauti kati ya uamuzi wako na uamuzi wa yule aliye upande wa pili wa meza. Ukiwa wewe ndiye dhaifu, kila saa unayoongeza inaongeza hasara, na ile asilimia 5 hivi ya reki inakatwa kwenye poti vilevile, uwe macho au unasinzia.

Wengine hunitajia Chris Moneymaker kwa sababu nami ni mhasibu. Alikuwa mhasibu wa Tennessee mwenye ajira, akaingia kwa satelaiti ya dola 86, yaani shindano dogo la kugombea nafasi kwenye kubwa, na mwaka 2003 akashinda shindano kuu la World Series of Poker kati ya washiriki 839 kule Las Vegas na kubeba dola milioni 2.5. Namheshimu sana. Lakini hilo ni shindano moja. Halikuelezi chochote kuhusu Jumanne yako usiku, umetoka kazini, umekaa kwenye matatu saa moja na nusu, na sasa unafungua meza nne.

Mimi naamka saa kumi alfajiri, kwa sababu ukichelewa kutoka Kitengela, Mombasa Road inakuwa imeshajaa. Ina maana ikifika saa nne usiku nimekuwa macho kwa masaa 18. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliopima watu waliokaa macho masaa 17 mpaka 19, na katika baadhi ya majaribio walifanya sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, au vibaya zaidi. Hakuna mchezaji mwenye akili atakayekushauri ulewe kidogo ndipo uanze kucheza. Lakini hao hao watakuambia, “Kaza, wenzako hawalali.” Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linafanya kukosa usingizi kuonekane bidii.

Tilti, yaani kucheza kwa hasira, kila mtu anaijua. Umepigwa riva (karata ya mwisho ya mezani) mara mbili, damu inachemka, unarusha chipu (vipande vya dau). Uchovu hauna fujo hizo, na ndiyo maana unakula pesa nyingi zaidi. Unaita kwenye riva, yaani unalipa dau la mwenzako ili uone karata zake, kwa sababu kuita ni rahisi kuliko kukumbuka jamaa alifanya nini kwenye flopu (karata tatu za kwanza za mezani). Unaacha kutazama nani anapandisha dau kila akiwa batani (nafasi ya kuamua mwisho). Ree (A) na kumi za rangi tofauti, ambazo Jumamosi asubuhi unazitupa bila kufikiri ukiwa wa kwanza kusema, saa tano usiku unapandisha nazo, kwa sababu umekaa nusu saa bila kucheza na mkono unawasha. Hujisikii vibaya hata kidogo. Unajisikia mtulivu.

Kwa miezi minne niliweka daftari kando ya kompyuta, nikawa naandika kila uamuzi nilioutilia shaka na saa nilipoufanya. Siku za kazi, sehemu kubwa ya makosa ilikuja baada ya dakika 90 za kwanza. Nakiri kipimo hiki si safi: mimi ndiye niliyekuwa mtahiniwa na msahihishaji, na huenda kadiri usiku ulivyosonga nilianza kujishuku tu. Hata hivyo nilikata pale pale. Sasa nacheza Jumanne na Alhamisi, dakika 90 kuanzia saa mbili usiku, basi. Jumamosi nacheza masaa matatu, kuanzia saa mbili asubuhi.

Jumamosi asubuhi haikuwekwa kiholela. Saa mbili asubuhi kwetu ni saa nane usiku São Paulo, na Wabrazili ni wengi sana mezani. Wao wametoka na Ijumaa yao, mimi nimelala masaa nane na nimekunywa chai. Meza zinakuwa chache kuliko jioni, na wakati mwingine nakosa kabisa meza nzuri na naondoka. Lakini saa moja ya namna hiyo nisingeibadilisha na nne za usiku wa manane.

Kuhusu bankroli, yaani pesa ya kuchezea tu, sitakawia: miingio 40 kwa madau yako (muingio ni pesa kamili ya kukalia meza moja), pesa ya kodi na karo isiguse akaunti hiyo kamwe, na kama unacheza ili kurudisha kitu ulichopoteza, funga programu hiyo uzungumze na mtu wa karibu nawe. Hilo si suala la ratiba tena.

Sasa ari. Wengi ninaowajua wanaocheza kando ya kazi huacha mwezi wa tatu au wa nne, na wanasema wamechoka na mchezo. Sikubaliani nao. Wamechoshwa na kuangalia salio kila tarehe 30. Tufanye hesabu polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wananikatiza.

Masaa sita kwa wiki, meza nne, ni kama mikono 1,500, yaani karata zinagawiwa mara 1,500. Kwa mwezi ni 6,000. Chukua mchezaji mzuri kwelikweli, anayepata blaindi kubwa 5 kwa kila mikono 100 kwenye meza ya watu sita (blaindi kubwa ni dau la lazima la kila mkono, nasi tunapimia nalo ushindi). Mtawanyiko wa kawaida wa matokeo yake, yaani yanavyopanda na kushuka kutoka kwenye wastani, ni kama blaindi 90 kwa kila mikono 100. Akicheza mikono 10,000, anatarajia kuwa juu blaindi 500, lakini mtawanyiko ni 900. Karibu mara 3 kati ya 10 atakuwa chini, bila kukosea lolote. Na hiyo mikono 10,000 mimi na wewe inatuchukua wiki saba. Akifika mikono 100,000, uwezekano wa kuwa chini unashuka mpaka kama 4 kwa 100. Kwetu hiyo ni wiki 67, mwaka mmoja na robo.

Kwa hiyo unapojiuliza mwisho wa mwezi kama unaweza huu mchezo, unauliza swali ambalo karata hazina uwezo wa kulijibu. Mwezi mbaya hausemi wewe ni mbovu, na mwezi mzuri, ambao ni hatari zaidi, hausemi uache kazi.

Na sasa ukweli wangu mwenyewe. Nimecheza mikono 90,000 tangu nianze kuweka rekodi, na niko juu kwa blaindi 3 kwa kila mikono 100. Kwa mtawanyiko ule ule, kosa la makadirio hayo nalo ni blaindi 3. Kwa lugha nyepesi, kuna uwezekano kama wa mmoja kwa sita kwamba mimi si mshindi, ni mtu wa kawaida aliyebebwa na karata muda wote huu. Usiku nilipofanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nililala vibaya. Bado sina jibu. Ninachojua ni kwamba nikikaa mezani nikiwa nimepumzika, kufikiria mkono mgumu kunanipa furaha ambayo sijaipata mahali pengine, na naitaka iendelee kuwepo.

Ndiyo maana nimeacha kuhesabu pesa kila wiki. Nahesabu masaa niliyocheza nikiwa sijachoka, na mikono niliyoirudia kuichambua. Kila Jumatano mimi na rafiki yangu tunatumiana mikono mitatu kwa WhatsApp, na sharti ni moja: usitaje matokeo. Unaeleza nafasi, chipu, nani alifanya nini, unasimama kwenye uamuzi. Ukishataja kwamba uliishinda poti, hakuna mazungumzo tena, kila mtu anasema ulicheza vizuri.

Kuna jambo moja sijalimaliza moyoni. Nikipoteza miingio mitatu huwa naondoka, hata kama dakika zimebaki. Kihesabu sheria hii haina msingi: karata hazijui umepoteza, na meza ikiwa nzuri unapaswa kubaki. Wanaonipinga wana hoja. Lakini nimejiona nikibaki, na nimeona nilivyocheza. Huenda mtu mwingine hahitaji sheria hii kabisa.

Mashindano makubwa ya Jumapili yako nje ya ratiba hii. Mengi hupangwa kwa saa za Ulaya na Marekani, kwetu yanaanza usiku, na ukienda mbali unamaliza alfajiri ya Jumatatu. Nacheza mawili kwa mwaka, na Jumatatu inayofuata naiombea likizo mapema. Nikikosa likizo, sichezi.

Kijana yule amenijibu kwamba akipunguza masaa atajiona mvivu. Nimemwomba wiki mbili tu: akome saa tatu na nusu, na anitumie mikono mitatu bila kutaja matokeo. Wa kwanza umeingia jana saa tatu na dakika arobaini. Ana malkia wawili kwenye batani, flopu imeleta mfalme na kopa mbili, jamaa wa blaindi kubwa amecheki (hakuweka dau) kisha amepandisha dau la kijana. Ameandika, “Hapa nilifikiria dakika nzima.” Ni mkono mgumu kweli, nami sijajua ningefanya nini. Jumatano tunaukalia.