"Akigusa mto tu anakoroma": uongo ninaousikia kliniki kila wiki

Aliingia mzee mmoja na mkewe. Presha haishuki, anameza dawa za aina tatu, na daktari wake wa moyo kamtuma kwangu, mtu wa masikio, pua na koo. Nikamuuliza mzee analalaje. Kabla hajafungua mdomo mkewe akadakia: "Huyu hana shida ya usingizi, daktari. Akigusa mto tu anakoroma mpaka jirani anasikia. Asiyelala ni mimi." Mzee akatabasamu kama mtu aliyesifiwa. Dakika tano baadaye, nikiwa bado naandika kwenye faili, kidevu chake kilikuwa kimeangukia kifuani. Saa nne asubuhi, kwenye kiti cha plastiki, watoto wakilia koridoni.

Nimechoka na hili neno. Anakoroma, kwa hiyo amelala fofofo, kwa hiyo ni mzima. Wanaliamini wagonjwa, wake zao, na hata baadhi ya wenzangu wanaovaa koti jeupe.

Kukoroma ni sauti ya njia iliyobana. Kaakaa laini na kimio hupepea pale hewa inapolazimishwa kupita penye upenyo mwembamba. Hewa ikipita vizuri, haina cha kupigia kelele. Sikatai, wapo wanaokoroma na hawana ugonjwa: mafua, uchovu wa safari, bia mbili za jioni. Ndiyo maana mimi siulizi sana habari za kelele. Nauliza kimya. Je, kuna wakati mkoromo unakatika ghafla, kifua kinahangaika lakini pumzi haipiti, halafu anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini? Hapo mke huwa ananyamaza kidogo. Wengi wamekuwa wakihesabu gizani bila kumwambia mtu. Huyu wa kwangu alisema, "Nikifika ishirini na tano, daktari, ndipo nampiga kiwiko."

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 tu, inatosha kuitwa apnia, na ugonjwa wenyewe ni apnia ya usingizi. Usingizini misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia inaziba. Kifua kinavuta na hakipati kitu. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kwa sekunde chache, koo linafunguka kwa ule mkoromo mkubwa, naye anazama tena. Asubuhi hakumbuki hata tukio moja. Tukipima, tunahesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au inapungua sana. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ni ya wastani, kutoka 30 kwenda juu ni kali. Mara 30 kwa saa maana yake mtu anakabwa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha. Huo ndio usingizi wa pono tunaousifia.

Na kila akishtuka, mwili unamwaga adrenalini na presha inapanda. Ukiona mgonjwa anameza dawa tatu na vipimo havibadiliki, muulize habari za usiku kabla hujamwongezea ya nne. Moyo nao, kwa kuvutwavutwa na kifua kinachopambana, hutoa homoni inayoziambia figo zitengeneze mkojo zaidi. Mzee wangu alikuwa anaamka mara nne kwenda chooni. Alishapima sukari, akapima tezi dume, vyote salama. Kichwa kinauma asubuhi, mdomo mkavu kama amekula unga. Hakuna aliyemuuliza analalaje, na mwenyewe asingelalamika, maana kwa hesabu yake alilala kwa muda wa saa nane.

Kwa hiyo nina ushauri wangu mmoja, na wauguzi wangu wameshachoka kuusikia: usije peke yako. Katika ugonjwa huu mgonjwa ndiye shahidi mbovu kuliko wote. Njoo na unayelala naye. Kama hataki kuja, basi akurekodi kwa simu, dakika mbili tatu, kifua kionekane na sauti isikike, umelala chali ikiwezekana. Bora iwe alfajiri, saa tisa hadi kumi na moja, kwa sababu usingizi wa ndoto ni mwingi wakati huo na misuli ya koo imelegea zaidi. Anayelala peke yake aegeshe simu kwenye kiti, arekodi sauti usiku mzima. Video moja ya namna hiyo inanipa zaidi ya kurasa kumi za maelezo.

Video lakini si kipimo. Kipimo kamili ni kulala kituoni na nyaya kichwani, pembeni mwa macho, kidevuni, mikanda kifuani na tumboni, kijibomba puani, na kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni ambacho tangu Corona kila mtu anakijua. "Sitalala na mawaya yote hayo." Utalala. Mwenye ugonjwa huu anasinzia kwenye foleni ya benki, atashindwaje kitandani? Vituo vyenye vifaa hivyo ni vichache na viko miji mikubwa, hilo ni kweli, ila kwa wengi kifaa kidogo cha kwenda nacho nyumbani kinatosha kuthibitisha. Ulizia bima yako kabla ya kupanga tarehe. Kuna pia maswali manane ya Epworth, yaliyotungwa na daktari Murray Johns wa Australia na kuchapishwa 1991: je, unaweza kusinzia ukisoma, ukiangalia televisheni, ukiwa abiria wa safari ya saa nzima, gari likisimama kidogo kwenye foleni, na kadhalika. Kila swali unajipa alama 0 hadi 3, kisha unajumlisha. Ukizidi 10, tafuta daktari. Ukiwa dereva wa basi au lori na umezidi 10, weka ufunguo chini kwanza, tutagombana baadaye.

"Ni ugonjwa wa wanaume wanene." Unene unachangia sana, na kupungua kunasaidia. Lakini nina wembamba wenye taya fupi, nina akina mama waliokoma hedhi ambao waliambiwa wana msongo wa mawazo, na nina watoto wenye tonsesi zilizokaribia kugusana, wanaolala midomo wazi, wanakojoa kitandani, na shuleni wanaitwa watukutu.

"Nimenunua vidonge vya usingizi." Duka la dawa, diazepam, bila cheti. Umelegeza koo ambalo tayari limelegea, na umeupunguzia ubongo uwezo wa kukuamsha. Pombe ya kutafutia usingizi ni hivyo hivyo. Acheni.

Jinamizi je? Si mchawi aliyekukalia kifuani. Unapoota, ubongo huzima misuli ili usirushe ngumi. Wakati mwingine macho yanafunguka kabla misuli haijawashwa tena, na ndoto inaendelea ukiwa unaona dari. Ni sekunde chache hadi dakika kadhaa, kisha inaisha. Sicheki wanaoogopa. Mwaka 1995 Unguja na Pemba watu walilala nje kwa makundi wakimhofia popobawa, jini anayedaiwa kuvamia watu usingizini. Ila hali hii ya jinamizi ikikupata mara kwa mara na mchana usingizi unakuangusha, au ukicheka magoti yanakuishia nguvu, huenda ni nakolepsi: zimekufa seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya kukuweka macho. Wengi wenye ugonjwa huo wamechapwa viboko darasani kwa uvivu. Wala si malale. Malale ni ya mbung'o, na ina kipimo chake.

La mwisho ni hofu ya CPAP, mashine ya kutibu apnia ya usingizi. "Ukishawekewa oksijeni ndiyo basi tena." Hiyo si oksijeni. CPAP inasukuma hewa hii hii ya chumbani kupitia barakoa, ili koo lisizibe. Profesa Colin Sullivan wa Sydney alipomjaribia mgonjwa wa kwanza mwaka 1980 alitumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi. Kabla ya hapo, tiba ya waliozidiwa ilikuwa kutoboa shingo.

Mzee wangu alipatikana na 52 kwa saa. Siku ya kuchukua mashine aliuliza swali moja tu: umeme ukikatika usiku, si nitakosa pumzi nikiwa nimefungwa usoni? Nikamwonyesha vitundu vya barakoa, nikamwekea kiganja chake avisikie. Ukikatika, utakoroma kama zamani, na kiwiko unakijua kilipo.