Hawakukaa kimya, walificha

Juzi tena, kwenye mkutano hapa Kampala, kijana mmoja akasimama akasema watu wa kaskazini mwa Uganda, miaka ile ya vita vya Joseph Kony na waasi wake wa LRA, walikaa tu kimya kwenye kambi za waliohamishwa na vita wakingoja kuokolewa, hakuna aliyethubutu kitu. Nimesikia maneno hayo mara nyingi mno na leo nayajibu.

Kisa cha Aboke, kule kaskazini, nitakipitia haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 LRA walichukua wasichana 139 kutoka shule ya St. Mary's, Sista Rachele Fassera wa shule hiyo akawafuata porini, wakaachiwa 109. Hiyo inasimuliwa sana, lakini hakwenda peke yake jamani, alikwenda na mwalimu John Bosco Ocen, mbona yeye tunamsahau? Na Angelina Atyam, ambaye binti yake alikuwa kati ya wale 30 waliobaki, waasi walitaka kumrudishia mwanawe ili aache kuwapigia kelele, akakataa, akasema anawataka watoto wote. Wewe mzazi ungeweza?

Sasa hilo la kimya, hapo ndipo damu inanichemka. Kambini maneno yalikuwa yanaua. Ukiwaambia jeshi waasi wamepita wapi, waasi wakirudi wanakukata midomo, usipowaambia, jeshi wanakuona wewe ni mwenzao wa waasi. Kwa hiyo afande anauliza umeona nani, mama anajibu sijaona mtu, na nyuma ya magunia kuna mtoto aliyetekwa na waasi akawatoroka kule porini, mtoto ambaye majirani wenyewe hawamtaki maana labda yeye ndiye alikuja na wale waliochoma nyumba zao, na huyo mama anamlisha posho ya kugawiwa isiyotosha hata wanawe. Anadanganya leo, kesho anadanganya tena. Huyo unamwita amekaa kimya?

Lakini si kila kitu ni safi. Kuna mzee aliyeficha watoto wawili, na watu wa kambi hiyohiyo wakaniambia ndiye aliyemchongea jirani yake kwa askari. Nawaamini wote. Faili la mahojiano yake nimelifungua na kulifunga mara nyingi, na bado sijui nimwandikeje.

Halafu kuna kosa langu mwenyewe. Wazee wengi kule Kiswahili walikisikia kwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani, tangu enzi za Amin. Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa nawahoji kwa Kiswahili, wananijibu sijui, naandika hakumbuki. Alikuwa anakumbuka vizuri kabisa! Siku hizi naenda na mtu anayesema Kiacholi au Kilango, lugha zao wenyewe, na zile rekodi za zamani siziamini tena.

Na minara ya kumbukumbu pia. Barlonyo, kambi ya karibu na Lira, LRA waliposhambulia tarehe 21 Februari 2004, jiwe la kumbukumbu linasema waliouawa ni 121, wenyeji wanasema zaidi ya 300. Kama hata wafu tunabishana idadi, aliyeficha mtoto wa mwenzake nani atamwandika?

Nilimuuliza mama mmoja kama angependa jina lake liwekwe mahali. Akaniambia nizime rekoda kwanza. Mwanangu, akasema, yule mtoto sasa ni baba wa watu, anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, wanawe hawajui kama aliwahi kuwa porini. Mkiandika jina langu kwenye jiwe, watauliza nilimficha nani.