Flash imekufa, flashi yako ni nzima: niyasikiayo dukani kuhusu plagini

Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukiwa umeshaanza kuingiza vumbi hadi ndani ya kibodi, mama mmoja mwenye stoo ya alizeti Kizota alikuja dukani kwangu na sipiyu ndani ya kiroba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kamera zangu zimekufa wiki ileile niliyoibiwa."

Magunia manane yalikuwa yametoka usiku bila mlango kuvunjwa. Kompyuta yake ya zamani ilishaungua, akanunua nyingine ya mtumba, na tangu hapo akifungua ukurasa wa DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera, anaona kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza unaomtaka aweke plagini. Mpwa wake akatafuta mtandaoni, akapakua kitu cha kwanza kilichoandikwa "Flash Player". Sasa kila ukurasa unafungukia matangazo ya kubeti.

Nimekaa na tatizo hili miaka, na maneno ninayoambiwa ni yaleyale.

"Kivinjari kimeharibika."

Hakijaharibika, kimefunga mlango makusudi. Miaka ya 1990, Netscape ilifungua njia iliyoitwa NPAPI, ambayo programu ya kampuni nyingine iliweza kuitumia kukaa ndani ya kivinjari na kuonyesha vitu ambavyo kivinjari chenyewe hakikuvijua: video, michezo, fomu, picha za kamera. Microsoft nayo ikawa na njia yake, ActiveX, ndani ya kivinjari chake, Internet Explorer. Vitabuni programu hizo huitwa programu-jalizi. Sisi mafundi tunasema plagini.

Shida ni kwamba plagini ilikuwa mpangaji aliyepewa funguo za nyumba nzima badala ya chumba chake. Kwa kawaida, ruhusa zote ulizonazo wewe kwenye kompyuta, nayo ilikuwa nazo: kusoma mafaili, kuyafuta, kuanzisha programu nyingine. Ikiwa na tundu, aliyetengeneza ukurasa wa hila anapita humohumo hadi chumbani kwako. Plagini mbili maarufu, Flash ya kampuni ya Adobe na Java, zilizibwa matundu mwaka hadi mwaka, na mapya yakawa yanaonekana kila mara. Wakati huohuo vivinjari vilijifunza kufanya kazi ile vyenyewe, kwa kile kinachoitwa HTML5. YouTube ilianza kutumia HTML5 kama njia yake ya kawaida ya kuonyesha video Januari 2015. Mpangaji hakuwa na kazi tena, ila funguo bado alikuwa nazo.

"Walizima ghafla."

Hapa huwa nabishana na watu wa maofisini. Google walitangaza Septemba 2013 kwamba Chrome itaachana na NPAPI. Aprili 2015 wakaizima, ingawa aliyejua njia aliweza kuiwasha. Septemba mwaka huo, kwenye Chrome 45, wakaing'oa kabisa. Firefox 52 ya Machi 2017 ikakataa plagini zote za aina hiyo isipokuwa Flash. Julai 2017 Adobe wenyewe wakasema Flash itafika mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash iliyobaki kwenye kompyuta za watu ikakataa kuonyesha chochote, kwa sababu Adobe waliiwekea kizuizi hicho ndani yake.

Hiyo ni miaka mitatu na nusu ya taarifa, na bado kuna waliokutwa usingizini. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa na fomu za kodi ambazo bado zilitegemea Flash. Januari 2021 ikabidi itoe kivinjari chake yenyewe ili walipakodi waweze kuzifungua. Nikiwasimulia wateja hili wanacheka, lakini wengi wao wana mfumo wa namna hiyohiyo unaoendesha mashine fulani pale kwao.

"Basi niwekee Flash mpya."

Hakuna Flash mpya. Adobe hawaitoi tena kwa watu kupakua. Kidirisha kinachoruka na kukwambia Flash yako imepitwa na wakati, bonyeza hapa, ni mtego, na wa namna hiyohiyo ndio uliomnasa mpwa wa yule mama. Kabla ya kugusa habari za kamera nilitumia saa nzima kufagia alichopakua.

Kuna mzee aliwahi kuniuliza, kwa wasiwasi wa kweli kabisa, kama flashi yake yenye hati za kiwanja bado itasomeka maana amesikia Flash imekufa. Nilimwelewa. Majina ndiyo yanayotuponza. Flashi ya kuchomeka haihusiki hata kidogo. Mwanafunzi wa UDOM naye akaja akihofia amesoma JavaScript bure kwa kuwa Java imeondolewa kwenye vivinjari. Kilichoondolewa ni plagini ya Java. JavaScript ni lugha nyingine kabisa, na karibu kila ukurasa anaoufungua unaitumia.

"Na kizuia matangazo changu kimezimwa, ni yaleyale."

Si yaleyale. Kile ni kiendelezi, na viendelezi bado vipo. Kiendelezi hufanya kazi kwa ruhusa kinazopewa na kivinjari, hakishiki funguo za nyumba nzima. Chrome imebadilisha kanuni zake za viendelezi miaka hii ya karibuni na baadhi ya vya zamani vimezimwa, lakini hiyo ni kesi nyingine.

"Ni njama ya kutulazimisha kununua vifaa vipya."

Hili silipingi moja kwa moja. Sababu za usalama ni za kweli, ila gharama haikugawanywa sawa. Mwenye kiwanda cha DVR alishauza akaondoka. Aliyebaki na kisanduku chenye kutaka ActiveX ni mama wa Kizota. Internet Explorer 11 nayo ilistaafishwa Juni 2022. Wapo mafundi wanaompa mteja Firefox ya zamani kwenye flashi na kumwambia shida imekwisha. Kazi inafanyika, ni kweli, lakini ukiingia nayo intaneti umeyarudisha matundu yote ya miaka ile. Kama huna budi, iwekwe kwenye kompyuta iliyounganishwa na DVR peke yake, bila intaneti.

Mimi huanza na hali ya Internet Explorer iliyomo ndani ya Edge, kivinjari cha sasa cha Microsoft, ambayo wenyewe wameahidi kuitunza angalau hadi 2029. Inakubali ActiveX. Unaiwasha kwenye mipangilio ya Edge, unaongeza anwani ya DVR, inafunguka. Kero yake ni moja: anwani uliyoiongeza mwenyewe inadumu siku 30 tu, kisha inabidi uiongeze upya. Nina wateja wanaonipigia kila mwezi, "fundi, imekataa tena," na mimi najua tarehe kabla hawajaniambia.

Kwa yule mama hata huko hatukufika. Dhana kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba bila kompyuta kamera hazionekani. Kamera zilikuwa zinarekodi usiku na mchana, na picha zote zilikuwa kwenye diski ya DVR. Nyuma ya kisanduku kuna tundu la HDMI. Tulibeba televisheni ya sebuleni kwake hadi stoo, tukachomeka waya na kipanya, na picha nne zikatokea palepale, safi, bila kivinjari wala plagini.

Kilichotuchelewesha kilikuwa kingine. Betri ndogo ya ndani ya DVR ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika saa yake ilirudi mwaka 2000. Tulikaa hadi usiku tukihesabu kurudi nyuma, mama akikumbuka siku umeme ulipokatika na mimi nikiandika kwenye karatasi ya risiti, tukiutafuta usiku wa magunia manane ndani ya Januari ambayo stoo ile ilikuwa bado haijajengwa.