Babu hakufika miaka 120, na unga wa kopo hautakufikisha

Nimetumiwa tena ile sauti ya WhatsApp. Safari hii imetoka kwa shemeji yangu wa Igoma, mtu mwenye akili zake timamu, na amenisihi niisikilize mpaka mwisho. Msemaji anadai wazee wetu wa Kanda ya Ziwa walikuwa wanafika miaka 115, hata 120, wanalima wenyewe, meno yote mdomoni, kwa sababu walikula vyakula vya asili. Kisha unakuja unga wake wa majani na mizizi, ambao anasema "sayansi imethibitisha", yanafuata mafuta ya sangara "waliyotumia mababu", halafu namba ya kutuma pesa.

Shemeji ana presha, na ameshaanza kuruka vidonge vyake akisubiri huo unga. Ingekuwa si hilo ningenyamaza, maana habari hii nimeshaijibu misibani, kwenye harusi na ndani ya daladala hadi nimechoka. Kazi yangu ni takwimu za vizazi na vifo. Kuuliza watu umri wao na kupima kama jibu linaaminika ndiko kunakonilisha.

La sangara nilimalize upesi. Huyo samaki hakuwamo ziwani mababu walipokuwa vijana. Aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akaja kujaa kweli miaka ya 1980. Hata sato tunayejivunia alipandikizwa. Babu aliyezaliwa mwaka 1900 alikula ngege, furu, ningu, kamongo na dagaa. Mahindi na muhogo navyo asili yake ni Amerika. Anayetaka kuuza chakula cha mababu aanze na mtama, uwele na ulezi.

Sasa umri wenyewe. Mtu anapokwambia babu yake alikufa na miaka 118, muulize kwanza: umejuaje? Vijijini kwetu wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tunachofanya sisi ni kutumia kalenda ya matukio. Unakaa na bibi chini ya mwembe na kumwuliza: reli ilipofika Mwanza, 1928, ulikuwa umezaliwa? Ziwa lilipofurika miaka ile ya uhuru ulikuwa umeolewa? Operesheni Vijiji ilikukuta na watoto wangapi? Uzao wako wa mwisho ulikuwa kabla au baada ya vita ya Kagera? Ukienda hivyo kwa subira, yule aliyetambulishwa na wajukuu kuwa ana miaka 110 anashuka mpaka 88, mara nyingine 84. Hakuna aliyedanganya. Umri katika familia zetu ni heshima, na heshima huongezwa. Ndiyo maana ukifungua takwimu za sensa unakuta watu wamerundikana kwenye 60, 65, 70 na 80, huku 71 na 79 zikiwa nyembamba, kana kwamba kuna miaka ambayo wanawake hawakujifungua.

Msidhani ni sisi tu. Mwaka 2010 Japani walikwenda kumpongeza Sogen Kato, aliyehesabika kuwa mwanaume mzee kuliko wote Tokyo akiwa na miaka 111. Wakamkuta ni mifupa kitandani, amekufa tangu miaka 30 hivi nyuma, na pensheni inaendelea kulipwa. Serikali ilipopekua madaftari, zaidi ya watu 230,000 walioandikwa kuwa na miaka 100 na kuendelea hawakuonekana walipo. Mtafiti Saul Newman naye alionyesha kuwa majimbo ya Marekani yalipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa, idadi ya watu waliorekodiwa kufika miaka 110 iliporomoka kwa asilimia 69 hadi 82. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni karatasi.

Mtu mwenye nyaraka aliyeishi kuliko wote ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122. Mmoja, katika dunia nzima. Na hesabu yake inaeleweka. Ukishakuwa mtu mzima, hatari ya kufa huongezeka maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Kwa wanaofika 110, karibu nusu hufa kila mwaka. Gawa kwa mbili mara kumi: kati ya 1,000 wa miaka 110, mmoja ndiye anayefika 120. Kwa hiyo kijiji chenye wazee watano wa miaka 120 kingehitaji maelfu ya wenzao wa 110, na hao nao kundi kubwa zaidi nyuma yao. Wako wapi?

Hapa ndipo huwa nagombana na pande zote mbili. Maana wapo wasomi wenzangu wanaomjibu mwuza unga kwa kusema "zamani watu walikuwa wanakufa na miaka 40". Hilo nalo si kweli, na linaniudhi zaidi kwa sababu linatoka kwa watu walioingia darasani. Wastani wa umri wa kuishi Tanzania wakati wa uhuru ulikuwa miaka arobaini na kidogo, ndiyo. Lakini chukua ndugu kumi wa tumbo moja. Watatu wanakufa wakiwa na mwaka mmoja, kwa surua, malaria na kuhara. Saba wanafika 65. Jumla ya miaka yao ni 458, wastani 45.8. Hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 45. Wazee walikuwepo, na wengine wazee kweli, wa 80 na 90. Wastani ulivutwa chini na makaburi madogo.

Na hayo makaburi ndiyo sauti ya WhatsApp isiyoyataja. Katika dodoso zetu kuna swali la watoto waliozaliwa hai na waliobaki. Bibi mmoja upande wa Magu nilipomwuliza alisema "wanne", akanyamaza, kisha akaanza kukunja vidole upya akitaja majina ambayo binti yake wa miaka hamsini, aliyeketi pembeni akichambua dagaa, hakuwahi kuyasikia. Alipita wanne, akabadili mkono. Watoto wale walikula mtama uleule, samaki walewale, maji yaleyale ya ziwa yasiyo na kiwanda. Tunamkumbuka babu aliyebaki kwa sababu alibaki akatusimulia. Utafiti wa afya wa taifa wa 2004–05 ulikuta watoto 112 kati ya 1,000 wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Chanjo, vyandarua na dawa za malaria vimefanya hapo kazi ambayo hakuna unga wa kopo umewahi kuikaribia.

Kuhusu "sayansi imethibitisha", nitasema kwa kifupi. Imethibitisha kwa nani? Kitu kikiua seli kwenye kichupa au kikirefusha maisha ya panya, bado hakijamfanyia binadamu chochote. Betakarotini, ile rangi ya karoti, ilionekana kuwa kinga nzuri ya saratani kwa sababu wanaokula mboga nyingi huugua kidogo. Finland wakaipima kwa wanaume 29,133 wavutaji sigara, kwa kura nani apewe na nani asipewe. Majibu ya 1994: waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Bila kundi la kulinganisha, vidonge vile vingekuwa vinauzwa stendi ya Nyegezi mpaka leo na kila mtu ana ushuhuda.

Hata majaribio mazuri hayamalizi ubishi. Hapahapa Mwanza, mwaka 1995, ilionekana kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Ng'ambo ya ziwa, Rakai, Uganda, wakagawa dawa za magonjwa hayo kwa umma, na 1999 wakasema hawakuona tofauti katika maambukizi ya VVU. Wataalamu wamebishana sana: mbinu zilikuwa tofauti, janga lilikuwa katika hatua tofauti. Mimi naona maelezo hayo yana uzito, ila sijawahi kuridhika nayo kabisa. Sasa kama kazi mbili kubwa za ziwa moja zinaachana hivyo, ushuhuda wa jirani aliyekunywa mizizi unaupa uzito gani?

Mwuza unga ana jambo moja la kweli, na nampa. Presha na kisukari vimeongezeka mjini, na soda, chapati za asubuhi, chumvi ya kumwagia mezani na kukaa kutwa vimechangia. Dona, mlenda na dagaa ni chakula kizuri, tena cha bei nafuu kuliko kopo lake. Ninachokataa ni kwamba vinachukua nafasi ya kidonge. Presha haiumi, unaiacha wiki mbili unajiona mzima, unausifu unga, na mishipa inaendelea kuumia.

Shemeji, kapime kesho asubuhi kabla ya chai, uniandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Vidonge rudia leo usiku kama daktari alivyokuandikia. Na huyo jamaa wa sauti akikwambia tena habari za babu yake, mwombe cheti cha ubatizo. Misheni za Kikatoliki zimekuwa kusini mwa ziwa tangu miaka ya 1880, na madaftari ya ubatizo yana tarehe. Akikipata nitumie picha, nitakikagua mwenyewe.