Maziwa hayakati sumu ya mafuta ya taa

Imani kwamba maziwa hukata sumu imeenea kiasi kwamba mtoto akinywa mafuta ya taa yaliyohifadhiwa katika chupa ya soda, jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi ni kumnywesha maziwa, au kumtia kidole kooni ili atapike. Nia ni njema, lakini hatari kubwa ya mafuta hayo haiko tumboni, bali mapafuni. Kwa kuwa ni mepesi, kiasi kidogo tu kikipaliwa wakati mtoto anapotapika huingia katika njia ya hewa na kuunguza mapafu, na tumbo lililojazwa maziwa hutapika kwa urahisi zaidi. Mtoto avuliwe nguo zilizolowa, ngozi yake ioshwe kwa maji na sabuni, kisha apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe hata kama anaonekana mzima, kwani kupumua kwa shida kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Fundi rangi naye, anayekunywa maziwa jioni ili kusafisha kifua, huyapeleka tumboni, ilhali moshi wa rangi aliuvuta mapafuni. Kinachomfaa ni barakoa sahihi na madirisha yaliyofunguliwa.