Usiku wa theluji uwanjani: tuliyoambiwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Januari kwetu Lubumbashi ni mvua. Niliagwa katika lupango letu, yaani uwanja wa nyumba yetu, mtaani Kamalondo, chini ya bati linalonguruma, koti zito likiwa mkononi, nikienda Montreal kwa yaya, dada yangu mkubwa, aliyekuwa amejifungua. Ndege ya kwanza ilikuwa ya Addis Ababa, ya pili ya mji mmoja wa Ulaya, ya tatu ya kuvuka Atlantiki. Kila aliyekuja kuniaga alikuwa na la kunionya. Mengi ya maonyo hayo niliyasikia tena midomoni mwa abiria wenzangu usiku ule tulipokwama Ulaya kwa sababu ya theluji: zaidi ya saa mbili ndani ya ndege isiyoondoka, kisha usiku mzima kwenye viti vya chuma. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Ruashi, mtaa mwingine wa Lubumbashi, safari yake ya kwanza ya ndege, anakwenda kwa mwanawe. Maneno aliyobebeshwa nyumbani yalimtisha kuliko theluji yenyewe. Nayaandika haya nikimfikiria yeye, na wengine watakaoondoka Luano, uwanja wetu wa ndege, wakati wa baridi ya huko.

"Baridi ikizidi, ndege hairuki"

Ndege ikishatulia angani, kwenye mita 11,000 hivi, nje huwa nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri, hata kama chini yako ni msitu wa Kongo au jangwa la Sahara. Ndege iliyotutoa nyumbani kwenye joto na mvua ilikuwa imepita katika baridi kali kuliko ile ya uwanjani Ulaya, na hakuna aliyejua.

Baridi hata huisaidia ndege. Hewa baridi imeshikamana, kwa hiyo bawa linapata pa kuegemea na injini inavuta vizuri. Shida ya kinyume ndiyo yetu: uwanja wa Luano uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba, jua likiwaka, hewa inakuwa nyepesi. Ndege iliyojaa watu na mizigo inalazimika kukimbia zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka.

Kinachoisimamisha ni vile vinavyokuja na baridi: ukungu, njia ya kurukia inayoteleza, na zaidi ya yote barafu juu ya bawa. Umbo la bawa ndilo linalobeba ndege. Sakitu, yaani umande ulioganda, ikiwa nyembamba tu, yenye ukwaruzo kama wa karatasi ya msasa ya seremala, ikikaa mbele na juu ya bawa inaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa hadi asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa hadi asilimia 40. Ni msasa tu huo, wala sijataja rundo la theluji.

"Wanaosha ndege wakati sisi tunateseka"

Hilo lilisemwa kwa hasira nyuma yangu. Magari mawili yenye mikono mirefu yalikuja, mtu akiwa ndani ya kibanda juu, akanyunyiza maji ya moto yenye rangi ya chungwa yakitoa mvuke. Baadaye yakaja mengine, mazito, ya kijani. Mama wa Ruashi alinishika mkono: "Binti yangu, ndege imeharibika?"

Ile ya kwanza ni glikoli, dawa ya kuzuia maji yasigande, iliyochanganywa na maji na kupashwa moto. Kazi yake ni kuyeyusha na kuondoa barafu iliyokwisha kushika. Ya pili ni nzito makusudi: inatanda juu ya bawa na kuzuia theluji mpya isigande, kisha ndege inapokimbia inateleza yenyewe na kuanguka nyuma. Lakini ina muda wake. Kulingana na baridi na wingi wa theluji, kinga hiyo hudumu kuanzia dakika chache hadi zaidi ya saa moja. Foleni ya kuruka ikichelewa na muda ukaisha, rubani hana la kuchagua: anarudi, ananyunyiziwa upya. Sisi tulirudi mara moja, na ndani ya ndege watu walipiga kelele kana kwamba tumeibiwa. Mara ya pili theluji ikazidi, safari ikafutwa.

Naomba msomaji akae nami kidogo hapa, maana uvumilivu ule una gharama iliyokwisha kulipwa na wengine. Tarehe 13 Januari 1982, jijini Washington, ndege iliruka ikiwa na theluji na barafu kwenye mbawa, na kinga ya barafu ya injini haikuwa imewashwa. Iligonga daraja na kutumbukia katika mto Potomac. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa darajani ndani ya magari yao. Miaka saba baadaye, tarehe 10 Machi 1989, huko Dryden nchini Kanada, ndege nyingine iliondoka bila kusafishwa mbawa ikaangukia msituni. Watu 24 hawakurudi nyumbani. Kuna abiria waliokuwa wameiona theluji ile kwa madirisha yao. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Virgil Moshansky ulibadilisha namna viwanja vinavyoshughulikia barafu. Tangu nisome habari hizo, kusubiri mara ya tatu au ya nne hakunikasirishi.

"Ya wenzetu imeondoka, sisi tunadharauliwa"

Neno hili linauma kwa sababu mara nyingine dharau tunaijua kweli. Lakini kwenye theluji nimeona sababu nyingine. Ndege mbili zilizosimama jirani zinaweza kuwa zimenyunyiziwa kwa nyakati tofauti, moja ikiwa ndani ya muda wake na nyingine umeshaisha. Katika ukungu, kuna ndege na marubani walioidhinishwa kutua karibu bila kuona ardhi, na wengine hawakuidhinishwa. Saa za kazi za marubani na wahudumu zina kikomo cha kisheria: zikiisha wakati mmekaa, ndege nzima na mbingu safi havitoshi, lazima waje wengine. Na dawa yenyewe ya kuondoa barafu inaweza kwisha. Desemba 2010 viwanja vya Brussels na Paris vilipungukiwa na dawa hiyo, abiria wakalala sakafuni karibu na Noeli.

Ndivyo ilivyo hata anga ya Luano ikiwa safi. Ndege unayoingojea inatoka kwingine, na iko huko ilikokwama.

"Mkikwama mtapewa hoteli, ni sheria ya Ulaya"

Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe, na hapa ndipo Wakongomani tunapaswa kusoma polepole.

Sheria ipo kweli, ya mwaka 2004. Kwa safari inayoanzia katika nchi ya Umoja wa Ulaya, shirika lolote liwe, abiria aliyekwama anastahili chakula, mawasiliano, na hoteli ikibidi kulala, hata kama kosa ni la hali ya hewa. Ikifutwa, anachagua kurudishiwa nauli au kupelekwa kwa njia nyingine. Kile kisicholipwa kwa theluji ni fidia ya fedha taslimu, ile ya euro 250 hadi 600, kwa kuwa dhoruba huhesabiwa kuwa jambo lililo nje ya uwezo wa shirika. Watu wetu wanachanganya hivi viwili: wanaambiwa "fidia hakuna" nao wanaondoka kaunta bila kudai hata sahani ya chakula.

Ila safari yangu haikuanzia Ulaya. Tiketi moja, kutoka Lubumbashi hadi Montreal, Ulaya ikiwa ni kituo cha kubadilisha ndege tu. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2022 kwamba safari ya namna hiyo, inayoanza na kuishia nje ya Umoja kwa tiketi moja, haiko chini ya sheria ile. Anayetoka Brussels kurudi Lubumbashi inamhusu. Mimi niliyekuwa napita haikunihusu. Nilipewa karatasi ya mkate na kahawa.

Na hata hoteli ingetolewa, nisingeifikia. Kongo ni mojawapo ya nchi ambazo raia wake wanadaiwa viza hata ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, bila kutoka mlangoni. Mwenye viza halali ya Kanada au ya Marekani husamehewa hiyo, ndiyo iliyonipitisha. Lakini kupita si kuingia. Viza ya kupita uwanjani haimruhusu mtu kwenda mjini, na msamaha nao haumruhusu. Abiria wenye pasipoti za Ulaya walichukuliwa kwa basi kwenda kulala. Sisi tulibaki ukumbini. Askari wa mpaka wanaweza, kwa dharura, kutoa viza hapo hapo, lakini ni uamuzi wao, na usiku ule haikutolewa.

Kwa hiyo mimi sasa hufunga mzigo wa mkononi kama mtu atakayelala uwanjani. Koti, soksi nzito na kofia havikai tena kwenye sanduku linaloingizwa chini, maana sanduku hilo hulioni tena mpaka mwisho wa safari. Dawa zote za kila siku, za siku tatu zaidi ya zinazohitajika, ziko nami. Mama wa Ruashi dawa zake za presha zilikuwa ndani ya sanduku. Tulizunguka kaunta nne mpaka daktari wa uwanja akapatikana.

"Ndani ya ndege hewa ni ya mbinguni, inaua wenye moyo dhaifu"

Hewa ya kabini hubanwa ili ifanane na ya mlima usiozidi mita 2,400 hivi, na kwenye ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 ni kama mita 1,800. Linganisha na kwetu: Lubumbashi iko kama mita 1,200, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaishi mita 1,500 na zaidi, kando ya Kivu. Mtu wa Goma ndani ya ndege mpya hajapanda sana kupita nyumbani kwake. Wenye magonjwa ya moyo na mapafu wamwone daktari kabla, ila wengi wetu tunapumua vizuri.

Nasisitiza kundi moja: wagonjwa wa selimundu, wale tunaowaita SS, na familia nyingi Kongo zinawajua. Oksijeni pungufu, ukosefu wa maji mwilini na baridi ni vichocheo vitatu vya maumivu yao, na safari ya kwenda kwenye theluji inavikusanya vyote. Daktari kwanza, maji muda wote, na nguo za joto mwilini kabla mlango wa ndege haujafunguliwa.

Hewa ile ni kavu kweli, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20. Midomo inapasuka kuliko Julai yetu ya kiangazi. Tumbo nalo hujaa, kwa sababu gesi hutanuka shinikizo likipungua. Sufuria ya maharagi usiku wa kuamkia safari utaikumbuka.

Kuna wanaoamini bia mbili za Simba zitawalaza vizuri. Pombe inaleta usingizi wa kukatika katika na kukupeleka chooni, mwili ukizidi kukauka.

Na miguu kuvimba si urogi, wala kiti cha bei nafuu pekee si mkosaji. Kukaa bila kusogea zaidi ya saa nne, iwe ndegeni, garini au kwenye basi la Kolwezi, kunaongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Aliyelipia kiti kipana akalala bila kugeuka naye yumo. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari hiyo ni ndogo. Simama, tembea, inua visigino na vidole ukiwa umekaa. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kugandwa damu aulize habari ya soksi za kubana. Mguu mmoja ukivimba na kuuma siku za baadaye, au kifua kikibana, ni hospitali moja kwa moja.

"Ikitikisika sana, inaanguka"

Upepo wa kasi wa juu huwa na nguvu zaidi majira ya baridi, ndiyo maana kuvuka Atlantiki kwenda magharibi kunachukua muda zaidi na kutikisika hutokea. Bawa limetengenezwa lipinde. Wanaoumia wengi ni wale wasiofunga mkanda. Mama yangu wa Ruashi tulimfunga, akasali rozari mpaka kukatulia.

"Safari ndefu lazima ivuruge usingizi wiki nzima"

Inategemea umeelekea wapi. Kutoka Lubumbashi kwenda Brussels ni safari ya kusini kwenda kaskazini: majira ya baridi tunatofautiana saa moja tu, na majira yao ya joto saa zetu ni sawa. Atakayefika Brussels hoi amechoka kwa kukaa na kukosa usingizi, na usiku mmoja mzuri unamtosha. Montreal, majira ya baridi, ni saa saba nyuma yetu, hapo saa ya mwili inapotea kweli. Mchana toka nje uone mwanga hata kama ni baridi. Wafanyabiashara wetu wa Guangzhou, saa sita mbele, wanajua kwamba kwenda mashariki kunasumbua zaidi.

"Homa ya wiki ya kwanza ni baridi tu"

Hili ndilo lililokuwa karibu kumpoteza mama wa Ruashi. Siku ya tisa Montreal alishikwa na homa, mwanawe akamfunika blanketi na kumpa chai ya tangawizi, wote wakilaumu theluji. Baridi haizai homa. Mafua huletwa na virusi, na malaria uliyoambukizwa Lubumbashi inaweza kukaa kimya siku saba, kumi, hata zaidi, kisha ikaanza ukiwa mbali na mbu wote. Daktari wa nchi ya theluji hataifikiria asipoambiwa. Mwanawe alinipigia simu usiku, yaya akachukua ile simu mkononi mwangu akamwambia: "Mpeleke sasa hivi, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba ametoka Kongo." Walimpima damu saa ile ile.